Kuchukua Sampuli za Maji ya Visima Karibu na Machimbo ya Dhahabu: Mwongozo kwa Anayeanza Utafiti

Kila msimu wa utafiti unapokaribia, wanafunzi wa jiolojia na mafundi wa maji wa wilaya huuliza maswali yale yale. Nichukue maji kiasi gani? Niweke asidi au nisiweke? Kwa nini maabara mbili zimenipa majibu tofauti kwa kisima kimoja? Nitajuaje kama aseniki niliyoipata imetoka mgodini au imo kwenye mwamba tangu awali? Mwongozo huu unayajibu kwa kuifuata kazi yenyewe, kuanzia kwenye ramani hadi majibu ya maabara yanaporudi mezani kwako. Mifano yake ni ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, katika maeneo ya dhahabu ya Geita, Kahama na Tarime, ambako maduara (mashimo ya kuchimbia) ya wachimbaji wadogo, makarasha (mashine za kusagia mawe), mialo (sehemu za kuoshea na kuchenjulia dhahabu) na visima vya vijiji hukaribiana sana.

Swali la mwisho kati ya hayo ndilo linalopaswa kuongoza mengine yote. Ukichukua maji ya kisima kimoja kilicho jirani na mwalo, ukakuta aseniki, kisha ukaandika kwamba uchimbaji umechafua maji, hujathibitisha chochote, hata kama kipimo chako ni sahihi kabisa. Kazi yote inayofuata imepangwa ili uweze kuutenga mchango wa mwamba na mchango wa mchimbaji.

Nadharia inayokutosha

Dhahabu ya Kanda ya Ziwa imo ndani ya miamba ya kale sana ya volkano na mashapo, yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, iliyozungukwa na granaiti. Mara nyingi dhahabu hiyo huambatana na madini ya salfaidi (yenye salfa), hasa pairiti na asenopairiti. Asenopairiti ina aseniki ndani yake, kwa hiyo maji yanayopita kwenye nyufa za mwamba huo yanaweza kuwa na aseniki hata mahali ambapo sururu haijawahi kugusa ardhi. Uchimbaji huongeza tatizo kwa kuyatoa madini hayo juu, kuyasaga na kuyaacha wazi kwa hewa na mvua, ambapo salfaidi huoza, salfeti huongezeka majini, na pH hushuka iwapo mwamba hauna kaboneti ya kutosha kuizimua asidi.

Zebaki na sianidi ni habari nyingine, kwa sababu huletwa na binadamu wakati wa uchenjuaji. Zebaki hunata kwenye udongo na tope, hivyo haisafiri kwa urahisi kuingia kwenye maji ya ardhini. Sianidi husafiri vizuri zaidi, lakini huvunjika kwa mwanga wa jua na kwa hewa. Tabia hizi mbili ndizo zinazoeleza kwa nini kila kipimo kinahitaji chupa yake.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Vibali huja kwanza. Uwe na barua ya taasisi yako, kibali cha utafiti pale kinapohitajika, na ruhusa ya halmashauri. Ukifika kijijini, ripoti kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kufungua begi lolote. Zungumza pia na ofisi ya wilaya ya RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini), ambayo mara nyingi ina kumbukumbu za visima virefu, pamoja na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Mwanza. Kwenye mwalo au duara, mwenye leseni au msimamizi wake lazima ajue unafanya nini. Sehemu hizi zimezoea kuona wakaguzi, na mtu mwenye chupa asiyejieleza atafukuzwa, na haitakuwa bila sababu.

Vifaa vya lazima ni hivi:

- kipimo cha pH, cha upitishaji umeme na cha joto, pamoja na vimiminika vya kukisawazishia (pH 4, 7 na 10, na kimiminika cha upitishaji umeme cha mikrosimensi 1,413 kwa sentimita);
- utepe wa kupimia kina cha maji, ule ambao kichwa chake hulia kinapogusa maji;
- bomba la sindano na machujio ya mikromita 0.45, mengi kuliko unavyodhani yatatosha;
- chupa kutoka maabara itakayopima, zilizooshwa kwa asidi pale inapotakiwa, pamoja na dawa zake za kuhifadhi;
- vifaa vya kupimia ualkali (uwezo wa maji kuizimua asidi) palepale kisimani;
- glavu zisizo na unga, miwani ya kinga, na maji safi yaliyoondolewa madini;
- deli lenye barafu ya kutosha safari nzima;
- GPS, daftari la kurasa zilizoshonwa, na kalamu ya wino usiofutika.

Kabla ya kununua chochote, iulize maabara swali moja: kiwango cha chini kabisa inachoweza kukiona kwa kila kipimo ni kipi? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa aseniki katika maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita, na kwa zebaki isiyo ya kikaboni ni mikrogramu 6 kwa lita. Mashine isiyoweza kuona aseniki chini ya mikrogramu 50 kwa lita itakuandikia "haikuonekana" kwa maji yenye mara nne ya mwongozo huo wa mikrogramu 10, na wewe utayaita salama.

Hatua za kazi

1. Anza na ramani. Pata ramani ya jiolojia ya eneo lako kutoka Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iliyoko Dodoma. Zunguka eneo ukiweka alama za visima, vijito, makarasha, mialo, mabwawa ya sianidi, malundo ya marudio (mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuchenjuliwa), na vyoo vya shimo. Waulize wazee kuhusu maduara yaliyofukiwa na mialo iliyohamishwa, kwa kuwa mwalo uliofungwa zamani unaweza kuwa umeacha uchafu mwingi kuliko ule unaofanya kazi leo mbele ya macho yako.

2. Chagua visima kwa makundi matatu. Kundi la kwanza ni visima vilivyo upande wa chini wa machimbo, kule maji ya ardhini yanakoelekea. Kundi la pili ni visima vilivyo upande wa juu wa machimbo hayo hayo. Kundi la tatu, ambalo wengi hulisahau, ni visima rejea: visima vilivyo mbali na uchimbaji wowote, lakini ndani ya mwamba wa aina ile ile. Kisima rejea kilichochimbwa kwenye granaiti hakiwezi kulinganishwa na kisima kilicho kwenye mwamba wa volkano wenye salfaidi; utaona tofauti kubwa, nayo itakuwa tofauti ya miamba tu. Linganisha pia vina vinavyokaribiana, kwa sababu kisima cha kuchimbwa kwa mikono hupata maji ya tabaka la mwamba uliochakaa, ilhali kisima kirefu huyapata kwenye nyufa za chini. Bajeti ikikubana, punguza idadi ya visima katika kila kundi, ila usifute kundi zima.

3. Tafuta maji yanaelekea wapi. Pima kina cha maji alfajiri, kabla watu hawajaanza kuteka, katika visima visivyopungua vitatu ambavyo havikai kwenye mstari mmoja. Toa kina hicho kwenye mwinuko wa mdomo wa kisima, upate mwinuko wa maji, kisha chora mistari ya mwinuko sawa. Maji huelekea kutoka juu kwenda chini kwa kuikata mistari hiyo. *Tahadhari:* mwinuko unaoonyeshwa na GPS ya mkononi unaweza kukosea kwa mita kadhaa, wakati tofauti halisi ya maji kati ya visima viwili ikawa mita moja tu. Tumia kifaa cha upimaji ardhi. Usifungue pampu ya mkono ili kupitisha utepe bila fundi wa maji kuwapo, kwani ukiiharibu, kijiji kizima kitakosa maji kwa ajili ya utafiti wako.

4. Panga misimu miwili. Chukua sampuli mwishoni mwa kiangazi, karibu Septemba, na tena baada ya masika, karibu Mei. Mvua huosha marudio na kusukuma uchafu chini, lakini pia huzimua maji, na huwezi kujua ni lipi limeshinda hadi uwe na vipimo vya misimu yote miwili.

5. Sawazisha vipimo kila asubuhi. Andika matokeo ya usawazishaji daftarini, kisha rudia ukaguzi jioni. Kipimo cha pH ambacho hakikusawazishwa hakikupi taarifa yoyote ya kuaminika.

6. Toa maji yaliyotuama. Maji yaliyokaa ndani ya bomba la kisima yamegusana na hewa na chuma, kwa hiyo si maji ya mwamba. Kanuni ya kawaida ni kutoa mara tatu ya ujazo wa maji yaliyomo. Kwa mfano, kisima chenye bomba la kipenyo cha milimita 125 na kimo cha maji cha mita 30 kina lita 368 hivi (3.14 × 0.0625 × 0.0625 × 30, kisha zidisha kwa 1,000), hivyo utatoa takribani lita 1,100. Kwa pampu ya mkono inayotoa lita 15 kwa dakika, hiyo ni zaidi ya saa moja ya kupampu. Ndiyo maana ni busara kufika kisimani baada ya akina mama kuteka tangu asubuhi, kwa kuwa kazi kubwa itakuwa imekwisha kufanyika. Iwapo ni wewe unayepampu, waache watu wajaze ndoo zao. Kumwaga lita elfu moja mchangani mwezi Septemba, watu wakiwa foleni, ni utovu wa adabu.

7. Pima papo hapo hadi namba zitulie. Peleka maji kwa mpira hadi kwenye kitako cha ndani cha ndoo ndogo ili yafurike bila kurushwa hewani, na uweke vipimo ndani yake. Soma kila baada ya dakika tano. Endelea hadi masomo matatu mfululizo ya pH yasitofautiane kwa zaidi ya 0.1, na ya upitishaji umeme kwa zaidi ya asilimia 3. Namba zikishatulia, andika saa, joto, pH, upitishaji umeme, rangi na harufu, kisha pima ualkali kwa kudondoshea asidi hadi pH ifike karibu 4.5. Usiuache ualkali usubiri maabara, maana gesi ya kaboni dioksaidi hutoka njiani na namba hubadilika.

8. Jaza chupa kwa utaratibu. Fanyeni kazi wawili: mmoja aguse chupa tu na asiguse kitu kingine, mwingine ashughulikie pampu, deli na daftari. Suuza kila chupa mara tatu kwa maji yale yale yatakayowekwa ndani yake, isipokuwa chupa ambayo tayari ina dawa.

   - *Metali, pamoja na aseniki:* chuja kwanza, kisha tia asidi ya nitriki safi ya maabara hadi pH ishuke chini ya 2. Sampuli hii hukaa hadi miezi 6.
   - *Salfeti, kloraidi, floraidi na naitreti:* chuja, usitie asidi, weka kwenye barafu. Naitreti inatakiwa ipimwe ndani ya saa 48.
   - *Zebaki:* tumia chupa ya kioo au ya plastiki maalumu iliyotolewa na maabara, pamoja na dawa waliyokupa. Usihamishie kwenye chupa ya kawaida ya plastiki, kwa kuwa zebaki hupenya na kunata kwenye kuta zake. Muda wake ni siku 28.
   - *Sianidi:* tumia chupa isiyopitisha mwanga, tia hidroksidi ya sodiamu hadi pH ipite 12, weka kwenye barafu, na uifikishe maabara ndani ya siku 14.

   *Tahadhari ya kuokoa maisha:* asidi isiguse kamwe maji unayoyashuku kuwa na sianidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu inayoua. Weka chupa ya asidi na chupa za sianidi katika masanduku mawili tofauti, na chupa ya metali ya kisima kilicho jirani na bwawa la sianidi itiwe asidi maabarani na watu wenye vifaa vya kinga.

   *Kosa la kawaida:* kutia asidi kabla ya kuchuja. Asidi huyeyusha chembe za udongo zilizoelea, na maji yenye tope hafifu hugeuka, kwenye karatasi, kuwa maji yenye chuma, alumini na aseniki nyingi.

9. Chukua sampuli za udhibiti. Kwa kila visima kumi, rudia kisima kimoja kwa chupa ya pili yenye jina la uongo ambalo maabara haitalitambua. Vilevile jaza chupa moja kwa maji yaliyoondolewa madini ukiwa pale pale kisimani, ukipitisha maji hayo kwenye chujio na kutia asidi ile ile. Wengi huiona chupa hii kuwa hasara ya pesa, lakini ndiyo pekee itakayokutetea mtu akidai kuwa uchafu ulitoka kwenye vifaa vyako.

10. Usiishie kwenye maji kama unatafuta zebaki. Chota tope la kijito juu na chini ya mwalo, na udongo wa mahali amalgamu (mchanganyiko wa zebaki na dhahabu) inapochomwa. Visima visivyo na zebaki havimaanishi kijiji hakina zebaki. Mara nyingi humaanisha tu kwamba imebaki kwenye tope, ambako samaki na watoto wanaochezea kijitoni wanaweza kuifikia.

11. Hifadhi na safirisha. Andika lebo kwenye chupa yenyewe, wala si kwenye kifuniko, kwani vifuniko hubadilishana. Kila anayepokea chupa atie sahihi, tarehe na saa. Jaza barafu upya njiani. Deli lililojaa maji ya uvuguvugu halihifadhi kitu.

12. Kagua majibu kabla ya kuyaamini. Geuza viwango vya ioni kuu (chembe zenye chaji ya umeme zilizoyeyuka majini) kuwa miliekwivalenti kwa lita (kipimo kinachohesabu chaji hizo), toa jumla ya ioni hasi kwenye jumla ya ioni chanya, gawanya kwa jumla ya zote, na uzidishe kwa 100. Tofauti isiyozidi asilimia 5 ni nzuri, na hadi 10 inavumilika kwa maji yenye chumvi kidogo. Baada ya hapo ndipo ulinganishe makundi yako matatu. Aseniki ikiwa juu kwenye visima vyote, pamoja na visima rejea, huku salfeti ikiwa ya kawaida kote, mwamba ndio wa kushukiwa kwanza. Aseniki na salfeti zikipanda pamoja upande wa chini wa machimbo tu, una hoja dhidi ya marudio. Naitreti peke yake isikudanganye: inaweza kutoka kwenye baruti, lakini ikiambatana na kloraidi nyingi, angalia vyoo vya shimo kwanza.

Mambo yakikwama

*Upitishaji umeme hautulii.* Inawezekana kisima kinapokea maji kutoka nyufa mbili tofauti, au kinakauka unapopampu. Punguza kasi. Kikikauka, kiache kijae tena, chukua sampuli ya maji mapya, na uandike hivyo daftarini.

*Chujio linaziba baada ya mililita chache.* Maji yana tope. Endelea kupampu hadi yasafike, au tumia chujio pana zaidi kwanza kisha la mikromita 0.45. Usisukume kwa nguvu hadi chujio lichanike, kwani sampuli itaonekana safi wakati haikuchujwa.

*Maji yanageuka kahawia ndani ya chupa.* Chuma kilichoyeyuka kimekutana na hewa na kuganda, nacho kimeivuta aseniki pamoja nacho. Chupa hiyo ya metali haifai. Chukua nyingine, uchuje na kutia asidi bila kuchelewa.

*Vipovu vinatokea ukitia asidi.* Ni baikaboneti inayotoa gesi, jambo la kawaida. Acha chupa wazi kidogo kabla ya kufunga.

*Zinki iko juu mno kwenye visima vichache tu.* Angalia aina ya pampu. Pampu za India Mark II kwa kawaida hutumia mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, na maji yenye pH ya chini huyala.

*Chupa ya udhibiti yenye maji yaliyoondolewa madini imeonyesha metali.* Chanzo kinaweza kuwa asidi, chujio au maji yenyewe. Usiondoe tu kiasi hicho kwenye majibu mengine. Tafuta chanzo, na kama hakipatikani, rudia metali zilizohusika.

*Ioni hazilingani.* Mara nyingi baikaboneti imesahaulika, au naitreti imetolewa kama nitrojeni. Miligramu 11.3 za nitrojeni kwa lita ni sawa na miligramu 50 za naitreti kwa lita, kwa hiyo zidisha kwa 4.43 kabla ya kulinganisha na kiwango cha Shirika la Afya Duniani.

*Maabara imeandika "chini ya" namba fulani.* Usiweke sifuri. Iandike kama ilivyo, na unapochora grafu, onyesha alama tofauti kwa vipimo hivyo.

*Aseniki imezidi mikrogramu 10 kwa lita kwenye kisima cha kunywa.* Rudia sampuli mapema, ikiwezekana kwa maabara ya pili. Jibu likithibitika, mpelekee taarifa ya maandishi meneja wa RUWASA wa wilaya na bodi ya bonde kabla ya kuichapisha popote, na umweleze mtendaji wa kijiji ana kwa ana. Taja kisima mbadala chenye maji salama kutoka kwenye orodha yako mwenyewe ya vipimo, na usiwashauri watu kuchemsha maji hayo, kwa sababu kuchemsha hakuondoi aseniki, na maji yanavyopungua sufuriani kiwango chake huongezeka.